Moto wa Silanga

Kwa Kikamba aibu ni nthoni na mkwe ni muthoni, wakwe ni athoni. Ni maneno ya tumbo moja. Muthoni ni mtu unayemwonea aibu: huli ovyo mbele yake, hupayuki, hujikuni. Nilikua nikiyajua hayo kama ninavyojua jina langu, lakini hayakuniingia hadi siku watu wa Mbooni walipokuja kwetu, karibu na Ikutha, kuleta ntheo. Ntheo ni mbuzi. Bila mbuzi hao, mwanamke wa Kikamba anaweza kukaa na mume hadi meno yamwishe na bado akahesabiwa kuwa binti wa kwao.

Baba yangu hakuwa na nthoni. Siku hizi nalisema hilo kwa mapenzi. Zamani nilikuwa nikilisema huku nimeuma meno.

Alikuwa fundi wa pampu za visima kwa miaka mingi, hadi mgongo ulipomkatalia. Alipokaa nyumbani mikono ikamwasha, akachimba mtaro nyuma ya jikoni na kulaza humo mfuko mrefu wa plastiki nyeusi, mnene kama nguruwe aliyeshiba. Ulikuwa mtambo wa gesi. Unauchanganyia mavi ya ng'ombe na maji, unaulisha kwa mdomo wa huku, unapumua gesi kwa paipu hadi jikoni, na maji yake machafu yanatokea kwa mdomo wa kule. Ukawa unafanya kazi vizuri. Kisha kiangazi kikaja, ng'ombe wakaisha wakabaki wawili wa mbavu tupu, na mfuko ukalegea.

Mtu mwingine angerudi kwa kuni. Baba alienda kwenye semina iliyofanyika katika ukumbi wa kanisa, akarudi na neno jipya: mwani.

Kwetu mwani ni kitu cha watu wa pwani. Ule ukijani ulioelea kwenye silanga, yaani bwawa letu la kukingia maji ya mvua, sisi tuliuita ute, na ng'ombe waliusukuma kando kwa pua kabla ya kunywa. Baba akaanza kusema "mwani wangu" kama anayezungumzia ng'ombe wa gredi. Alichimba vidimbwi vya kina kifupi kando ya nyumba, akavitandika turubai, akatia maji ya silanga pamoja na ute kidogo wa mbegu, na kila asubuhi akamimina humo yale maji machafu yanayotoka kwenye mtambo. Jua letu unalijua, halina huruma. Ute ukanenepa hadi ukawa kama uji. Aliuchota kwa kipande cha neti ya mbu alichokishonea kwenye pete ya waya, akauacha uchuruzike, kisha akaulisha mfuko. Mfuko ulikula mwani, mwani ukala uchafu wa mfuko, na baba akasimama katikati akiwa bosi wa wote wawili.

Mwanzo aliulisha mwani mtupu, na boma zima likanuka choo cha kuku. Hakuvunjika moyo. "Mwani peke yake ni kama maharagwe bila mahindi," alisema, akaanza kuuchanganya na mabua yaliyokatwakatwa na mavi kidogo ya wale ng'ombe wawili. Basi ukawaka. Lazima niseme ukweli: ulikuwa moto mzuri, wa bluu, usio na moshi. Macho ya mama, yaliyokuwa mekundu tangu nimjue, yakatulia. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ambao hutaka kutokota nusu siku, uliivia juu ya ute wa silanga.

Lakini baba alinuka. Alioga, na bado alinuka. Harufu ile ilikaa kwenye kucha na kwenye mikunjo ya koti lake la kanisani. Jumapili watu walimwachia nafasi kwenye benchi, nafasi pana kidogo kuliko ya heshima. Vijana wa sokoni walimwita Chura. Yeye aliitikia. Akikutana na mtu yeyote, hata mgeni aliyeuliza njia tu, alimshika mkono na kumwonyesha vidimbwi. Mimi nilikuwa nashona sare za shule na mapazia pale Kambu, kando ya barabara kuu, na nikipigiwa simu ya nyumbani nilikuwa nauliza kwanza kama mvua imenyesha, pili kama mama ni mzima. Habari ya mwani sikuuliza. Alinieleza tu.

Mchumba wangu alikuwa akishusha maparachichi na machungwa kutoka Mbooni na kuwauzia wenye vibanda vya Kambu. Kwao kuna baridi, kuna migomba, na maji yanateremka mlimani yenyewe. Nilikuwa nimepita umri ule ambao shangazi wanauliza kwa upole. Watu wake waliposema watakuja Ikutha na mbuzi, nilifurahi, kisha papo hapo nikauona mfuko mweusi.

Nilirudi nyumbani katikati ya wiki ile nikiwa na mtungi wa gesi, mpya, wenye rangi inayong'aa, nimeufunga kwa kanga kama mtoto. Baba, ambaye kwa Kikamba namwita Nau, alikuwa kidimbwini, suruali imekunjwa magotini.

"Hiyo ni ya nini?" akauliza.

"Ni ya Jumamosi, Nau. Wageni ni wengi."

"Wageni watapikiwa na moto wangu. Nimeweka gesi wiki mzima, angalia venye imefura. Watu wa Mbooni hawajawahi ona kitu kama hii."

"Ndiyo maana naogopa," nikasema.

Alicheka. Alidhani natania. Akauchukua mtungi mwenyewe, akaubeba hadi stoo, akauweka nyuma ya vyombo vya kuku.

Mama ni mtu wa usafi. Ungemkuta akipangusa jerikeni kabla ya kwenda kisimani. Kesho yake asubuhi baba alipokwenda Ikutha kutafuta viti vya kukodi, nilimkuta mama kando ya vidimbwi na makarai yake yote. Alikuwa amechota mwani wote uliokuwa tayari, anaufua. Namaanisha anaufua kweli, kwa ile sabuni ya unga yenye harufu ya maua niliyomletea kutoka Kambu, anausuguasugua ndani ya neti, anausuuza, anaurudia. Povu lilikuwa limemfika kwenye viwiko.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Chakula ya athoni itapikwa na hii kitu," akasema. "Si iwe safi, hata kama ni uchafu."

Nilicheka, na nilimpenda. Harufu ilikuwa nzuri. Nikasaidia kumwaga maji. Tukaulisha mfuko mwani uliofuliwa, pamoja na mabua, na suuzo la mwisho kwa sababu maji si ya kutupa Ikutha. Neti tukaianika kwenye kamba ya nguo. Tulikuwa wawili tusiojua kitu, tunafanya wema. Ndani ya mfuko ule kuna vijidudu ambavyo ndivyo vinavyokula na kutoa gesi, na kuvipa sabuni ni kama kumnywesha ndama sabuni. Baba alikuwa ametueleza hivyo vijidudu mara nyingi. Tulikuwa hatumsikilizi.

Jumamosi watu wa Mbooni walifika wakiwa wamevaa masweta, wakayavua mmoja mmoja kadiri jua lilivyowaeleza wako wapi. Mbuzi walikabidhiwa. Maombi yakafanyika, marefu, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na mzee wa kanisa na hakuna aliyetaka kushindwa. Mimi nilikaa pamoja na shangazi zangu, leso kichwani, macho chini kama inavyotakiwa. Jikoni mama na majirani walikuwa wamebandika sufuria kubwa.

Hapo baba akasimama. Alivaa koti lile. Wazee walidhani anataka kuwashukuru, na kwa kweli alianza na shukrani, lakini shukrani ilipiga kona moja tu na kuingia kwenye mwani. Aliwaeleza vidimbwi. Aliwaeleza neti. Aliwaeleza kwa mikono yote miwili jinsi mfuko unavyocheua. Nilimwona mama yake mchumba wangu, mwanamke mnene mwenye mkoba mweusi mapajani, akipeleka kitambaa puani taratibu, kama anayefuta jasho. Nilitamani ardhi ipasuke.

Msemaji wao, mjomba wa mchumba wangu, alikuwa mcheshi. Akanigeukia.

"Na wewe mwiitu wetu, ukikuja Mbooni utatuletea hiyo maneno ya chura?"

Watu wakacheka. Wakasubiri nijibu, kwa sababu bibi harusi akitaniwa hujibu kidogo, ndiyo adabu. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema, nitaleta, na mtakula muthokoi bila moshi. Baba alikuwa ameniangalia, anatabasamu, ananingoja.

"Aiee," nikasema haraka. "Hiyo ni mambo ya baba."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Baba naye alicheka. Alicheka muda mrefu kidogo kuliko wengine, kisha akaketi.

Haikuchukua muda jirani mmoja akaja kumnong'oneza. Moto ulikuwa unazimika. Gesi iliyokuwa imehifadhiwa ilikwisha na nyingine haikuja, nyama bado inatoa damu na mchele haujaingia. Baba akatoka. Nami nikatoka nyuma yake na jagi la maji, nikijifanya nakwenda kunawisha watu mikono.

Alipiga magoti kwenye mdomo wa kutokea, na koti lake, na viatu vyake vya Jumapili. Akakunja mkono wa koti akauzamisha mkono humo ndani. Ulipotoka ulikuwa umejaa povu jeupe. Akalinusa. Nilikuwa karibu kiasi cha kulisikia mwenyewe: maua. Baba akainua macho akaitazama neti iliyoanikwa kwenye kamba ya nguo, ikiwa nyeupe kama siku iliyonunuliwa. Kisha akamtazama mama, aliyesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Mama hakuelewa bado. Alikuwa anaogopa tu.

Mjomba wa Mbooni na wazee wengine wawili walikuwa wametufuata kuangalia. Baba akaliona hilo. Akaingiza mkono ndani ya koti, upande wa bitana, akaufutia humo, povu na uchafu na yote, hadi mkono ukakauka. Kisha akageuka.

"Wazee, nimewaaibisha," akasema. "Nililisha vibaya. Hii kitu inataka akili, na mimi nimezeeka."

"Muthoni, usijali," mjomba akamwambia, akimpiga begani. "Vyura wamelala tu."

Mtungi wangu ukatolewa stoo, ukapanguswa vumbi la kuku, ukafungwa kwenye jiko. Nyama ikaiva. Wageni wakala, wakaomba, wakaondoka. Baba aliwasindikiza hadi barabarani akiwa amefunga vifungo vyote vya koti kwenye joto lile. Hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa mimi. Nilimwangalia, leso kichwani, jagi mkononi.

Mtambo ulikufa. Ilibidi baba aumwage wote kwa ndoo, ausuuze na kungoja apate mavi mabichi ya kutosha ya kuuanzisha upya, na kwa ng'ombe wale wawili ingekuwa kungoja mpaka Yesu arudi. Alipokuwa akiumwaga, mama aliona povu lenyewe likitambaa chini ya mpapai. Ndipo alipoelewa. Alingoja mumewe aseme. Hakusema. Walikula ugali wa kuni, na macho ya mama yakarudi kuwa mekundu, naye akasema ni moshi.

Nilipokuwa nimeshahamia Mbooni, mama alikuja kunitembelea. Njia ya nyumbani kwetu ni ya mteremko mkali na boda boda ilimshusha chini, akapanda mwenyewe kwa miguu, amebeba kuku. Hakutaka hata kuketi. Alimwendea mama mkwe wangu jikoni, akasimama mbele yake.

"Muthoni, mimi nimekuja kusema kitu. Siku ile moto ilizima, haikuwa mzee wangu. Ni mimi. Nilifua hiyo mwani na sabuni. Niliona nthoni mle uchafu."

Mama mkwe aliacha kumenya ndizi. Akamwangalia, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kigoda. Alipomaliza, uso wake ukabadilika.

"Hata mimi nikuambie," akasema. "Nyama yako sikukula. Mzee alipoeleza ile maneno, tumbo ikakataa. Niliiweka kwa handbag, nikatupa huko mbele tukirudi."

Wakainamisha vichwa, mabibi wawili wazima. Mimi nilikuwa nachochea chai. Kila mmoja alikuwa ametoa lake mezani na zamu ilikuwa imefika kwangu. Nilichochea chai ambayo haikuwa na haja ya kuchochewa.

Jioni ile mama mkwe aliingia zizini. Ng'ombe wa Mbooni wanakula majani mabichi mwaka mzima, na mavi yao unaweza kuyasifu kanisani. Mume wangu alipakia magunia kwenye pikapu yake, akayateremsha hadi Ikutha pamoja na mama. Hakuna muthoni aliyewahi kutumiwa zawadi ya namna hiyo. Baba, nilivyoambiwa, aliingiza mkono kwenye gunia, akanusa, akamwomba mume wangu ampelekee shukrani mama yake. Usiku mama alimwambia, ni mimi. Akamjibu, najua, nilinusa. Mama akamuuliza kwa nini hakusema. "Ningesema kwa nani?" baba akasema. "Kwa athoni?"

Mwani ukakua tena, mfuko ukafura. Hapo ningependa kuishia.

Lakini Agosti iliyopita nilikwenda nyumbani, na jikoni, kando ya jiko, nikaukuta mtungi wangu. Uliwekwa mahali pa kuonekana na mtu yeyote anayeingia. Rangi imechubuka, kutu imeanza chini. Paipu ya mtambo ilikuwa imepitishwa nyuma ya kabati, na kipande cha mpira kikafungwa kutoka mtungini kuelekea kwenye jiko, lakini kikaishia gizani nyuma ya kabati. Nikauinua. Ulikuwa mwepesi kama debe tupu. Haukujazwa tena tangu ntheo yangu.

"Nau, hii ni ya nini?"

Baba alikuwa ananawa mikono. Alinawa kwa sabuni ya maua, mbali kabisa na mtambo, anasugua kila kucha. Alivaa shati safi. "Kuna wamama wa kanisa wanakuja," akasema. "Wacha wakule kwa amani."

Wamama walikuja. Chai ikawekwa juu ya moto wa bluu. Mmoja wao, mgeni eneo letu, akachungulia jikoni akasifu: kumbe siku hizi hata huku mnatumia gesi ya mtungi! Baba alikuwa amekaa kwenye kona, mikono katikati ya magoti. Akaitikia kwa kichwa. Mtu yule ambaye zamani angemshika yule mama mkono na kumburuta hadi vidimbwini, aliitikia kwa kichwa tu na kutazama sakafu. Alikuwa amejifunza nthoni, na walimu wake walikuwa ndani ya nyumba.

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu.

"Si ya mtungi," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Ni mwani. Mwani wa silanga. Ni baba ametengeneza."

Vikombe vikasimama hewani. Wakanitazama, wakamtazama baba. Nilimgeukia nikitarajia kuuona uso ule wa zamani. Alikuwa ameficha mikono kwapani, kama mtoto anayeogopa kukaguliwa kucha.

"Mwani ni nini?" yule mama akauliza, bila ubaya wowote. "Unafanyaje mpaka iwake?"

Alimuuliza baba. Baba akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akaninyooshea kidevu.

"Muulize huyo," akasema. "Hiyo ni mambo yake."

Wote wakanigeukia, wakangoja. Nikafungua mdomo. Nilijaribu kukumbuka mabua ni kiasi gani na mavi ni kiasi gani, unachota asubuhi au jioni, unajuaje kuwa umekomaa. Alikuwa amenieleza kwa simu miaka yote ile. Sikukumbuka hata pa kuanzia.